Yadi ya Uyole: umeme wa gari kwa uniti, na mita unaiona

Nina Nissan Leaf ya mwaka 2016, yenye betri ya kilowati-saa 30, na ninaishi nyumba ya kupanga Mwanjelwa, Mbeya. Nyumba yetu ina wapangaji sita na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Kila mwisho wa mwezi tunachangishana, na kila mwisho wa mwezi kuna anayelalamika kwamba jirani anachemshia maji ya kuoga kwa umeme wa wote. Siku gari lilipofika, kabla hata sijalipanga vizuri uani, baba mwenye nyumba alinifuata akaniambia kwa upole, "Mama, kwa hili naomba unisamehe. Nikiruhusu lichomekwe hapa, hawa wote watanihama." Sikubishana naye. Nyumba ingekuwa yangu ningesema vilevile.

Kwa hiyo gari langu halijawahi kuchajiwa nyumbani hata usiku mmoja. Linakula umeme wa kununua, na ninakonunua mara nyingi, karibu mwaka mzima sasa, ni kwenye ile yadi ya kuoshea magari pale Uyole, ukitoka mjini kabla hujafika njia panda ya Tukuyu. Wanaoniuliza habari za gari hili huuliza linakwenda kilomita ngapi. Umeme wake unapimwaje na unalipwaje, karibu hakuna anayeuliza, wakati kwa mpangaji kama mimi hilo ndilo linaloamua kama gari litakusaidia au litakufilisi.

Yadi yenyewe ni ya kawaida: kokoto, mapipa ya maji, magari yenye vumbi la ujenzi wa barabara yanasubiri zamu. Nyuma, kwenye ukuta wa stoo, kuna maboksi mawili ya kuchajia, na juu ya kila boksi kuna mita ndogo ya kioo ambayo namba zake unazisoma ukiwa umesimama kando ya gari lako. Mita hiyo ndiyo iliyonirudisha mara ya pili.

Mimi ni muuza vitambaa. Mteja akitaka mita tatu za kitambaa cha sare, nakunjua jora mezani, nakilaza kwenye rula ya mbao mbele ya macho yake, moja, mbili, tatu, ndipo mkasi unapita. Pale Uyole wanauza umeme namna hiyohiyo. Ukifika, kijana wa zamu anakuita msome mita pamoja. Anaandika kwenye kaunta buku namba ya gari, saa uliyofika na namba za mita, nawe unaweka sahihi. Ukirudi mnasoma tena, mnatoa, mnazidisha kwa 700. Uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ni shilingi 700, na bei hiyo imeandikwa ukutani kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Unalipa taslimu au kwa Lipa Namba, unapewa risiti ya mashine.

Je, 700 ni halali? Mimi naona ni halali. Kwenye LUKU ya matumizi ya kawaida, uniti moja inafika kama shilingi 356 ukishajumlisha kodi na makato yake. Wapo walioniambia kwao wanapata kwa shilingi 122, na ni kweli, lakini hiyo ni bei ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari kama langu linazimaliza hizo 75 kwa kuchaji mara nne au tano. Mama mwenye yadi analipa mlinzi wa usiku na vijana wa zamu, amevuta waya mnene kutoka kwenye nguzo, amezika waya wa athi ardhini kama inavyotakiwa. Sioni anatuumiza wapi.

Nikipiga hesabu kwa kilomita, kila uniti ninayolipia inanipa kilomita tano na nusu hivi, kwa sababu kiasi fulani hupotea njiani kuingia kwenye betri na milima yetu inakula kingine. Hiyo ni shilingi 127 kwa kilomita. Gari langu la zamani, la petroli, lilikuwa linanipa kilomita 12 kwa lita kwenye njia hizihizi. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000, hapo ni shilingi 250 kwa kilomita. Nusu ya gharama imeondoka, na nusu hiyo ndiyo inayonilipia fremu ya duka.

Sasa niwaeleze kilichonifundisha thamani ya mita ile ya ukutani.

Mwezi wa nane nilikwenda Makambako kuchukua mzigo kwa dada yangu. Kutoka Uyole siwezi kufika Makambako kwa chaji moja, betri yangu imeshachoka kidogo, imebaki na mistari 10 kati ya 12 ya kipimo cha afya yake. Nikasimama kwenye mji mdogo mmoja wa barabara kuu, huku tambarare ya Usangu, kwenye nyumba ya wageni ambayo niliambiwa wanachajisha. Ni kweli wanachajisha, ila wanauza kwa saa. Shilingi 4,000 kwa saa moja. Mhudumu alikuwa na adabu zake, akanikaribisha chai, akaniletea ekstenshini kutoka chumba cha mapokezi.

Chaja yangu ya mkononi ikakataa kuanza. Taa nyekundu. Nikajua tatizo kabla sijauliza: soketi ile haikuwa na athi, na chaja hizi zikikosa waya wa athi hazitoi umeme kabisa, zimetengenezwa hivyo ili mtu asipigwe shoti akigusa bodi la gari. Tukazunguka nyumba nzima na kijana wao tukitafuta soketi yenye athi, tukaipata jikoni, ile ya friji. Tukatoa friji tukachomeka gari. Muda wote huo saa yao ilikuwa inahesabu, kwa sababu walianza kuhesabu nilipoingia getini.

Chaja yangu ina kioo kidogo kinachoonyesha volti na uniti. Ilikuwa jioni, watu wanapika, volti zimeshuka mpaka 190. Gari langu huvuta ampea 15 tu, halivuti zaidi hata ulipe kiasi gani, kwa hiyo kwa volti 190 nilikuwa napata chini ya uniti tatu kwa saa. Nikalipia saa tatu, shilingi 12,000. Kioo kilisomeka uniti 8.5. Gawanya mwenyewe: zaidi ya shilingi 1,400 kwa uniti moja. Kwa kilomita ni kama shilingi 255, bei ileile ya petroli niliyoikimbia, na ekstenshini ilikuwa imepata moto kiasi kwamba nilishindwa kuishika.

Nilipomweleza mhudumu, akaniambia jambo ambalo bado linaniuma. Alisema mteja mmoja aliyekuja kabla yangu alifurahia sana bei, akasema ni rahisi. Nikamuuliza gari lake lilikuwa la aina gani. Kumbe lilikuwa linavuta mara mbili ya langu. Mwenye gari jipya, linalovuta kwa kasi, analipa shilingi 4,000 anapata karibu uniti sita. Mwenye gari kuukuu analipa shilingi hizohizo anapata chini ya tatu. Bei ya saa inamtoza zaidi mwenye kidogo, na hakuna anayekusudia, na hakuna anayeiona, kwa sababu saa haipimi umeme. Nilifika Makambako saa tatu usiku, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, taa za malori zikinisukuma nyuma, betri ikiwa imebaki asilimia 8.

Nawasihi wenye nyumba za wageni kuanzia Iringa mpaka Tunduma, wengi wenu mna nia njema na mna nafasi ya kuegesha: nunueni mita ndogo. Haihitaji intaneti, haihitaji programu ya simu. Kila Mtanzania mwenye LUKU anajua uniti ni nini, anazihesabu usiku akizima taa ya varanda. Hamtahitaji kumfundisha mtu.

Nirudi Uyole, kwa sababu nako hakukuanza vizuri.

Miezi ya kwanza walikuwa wanataka malipo kabla. Unaweka shilingi 15,000, gari linajaa kwa 9,800, chenji inabaki "kwenye daftari". Ukiitaka irudi kwa simu, unaulizwa nani abebe makato ya kutuma. Nilikuwa na shilingi 5,200 mle, siku nyingine 3,000 na kitu, na nikisafiri wiki mbili pesa yangu inakaa kwao. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo hiyo ni pesa ya mzunguko. Nilimwambia mama mwenye yadi ana kwa ana, tukiwa tumekaa kwenye benchi la vijana wa kuosha. Nilimwambia, "Mama, mimi mteja wangu akileta elfu ishirini kwa kitambaa cha elfu kumi na tano, simwambii aje achukue chenji akirudi kununua kingine." Alinisikiliza. Wiki iliyofuata wakaanza utaratibu wa kulipa baada ya kuchaji, na funguo ya gari inabaki kwa mlinzi mpaka ulipe. Naona ni haki pande zote mbili.

Kisa cha pili kilinigharimu siku nzima. Kawaida yangu ni kuacha gari saa mbili usiku na kulichukua saa kumi na moja alfajiri. Gari langu linahitaji kama saa tano na nusu kujaa, hivyo usiku unatosha. Alfajiri moja mwezi wa kumi na moja nimefika, mvua inanyesha, nina majora manne ya kupeleka Tukuyu kwa washonaji wa sare, na gari lina asilimia 48. Boksi limezima. Nikadhani umeme umekatika, lakini taa za jirani zinawaka. LUKU ya yadi ilikuwa imeisha usiku ule. Mlinzi aliona giza, akadhani ni mgao, akarudi kwenye koti lake.

Kijana wa zamu aliamshwa, akanunua umeme kwa simu, akasimama na tochi akiingiza zile tarakimu 20 huku mikono inatetemeka kwa baridi, akakosea mara ya kwanza. "Nisamehe mama vitambaa," aliniambia, "nisamehe sana." Sikumkasirikia yeye. Lakini wale washonaji walikuwa wananisubiri, na siku hiyo nilifika Tukuyu saa nane mchana badala ya saa moja asubuhi, mmoja akawa ameshanunua kwa mtu mwingine.

Nampa mama mwenye yadi heshima kwa alichofanya baadaye. Asubuhi hiyo nililipia uniti zilizoonekana kwenye mita tu, hakuna ubishi, kwa sababu namba zilikuwepo. Na tangu siku hiyo, kila saa mbili usiku kijana anasoma LUKU kuu na kuandika kwenye daftari lilelile. Ikiwa chini ya uniti 60 ananunua kabla hajafunga. Mimi mwenyewe huangalia mstari huo kabla sijaondoka. Tangu hapo halijatokea tena.

Kuhusu plagi, hapa lazima niwe mrefu kidogo, maana watu wananunua magari bila kuuliza na wanakuja kulia. Leaf iliyotoka Japani ina matundu mawili chini ya kifuniko kimoja puani. Tundu kubwa ni la CHAdeMO, la kuchaji kwa haraka sana, na mimi tangu nilinunue gari sijalitumia hata siku moja. Tundu dogo ni Taipu 1, ndilo linalonilisha. Maboksi ya Uyole yana soketi ya Taipu 2, kwa hiyo unahitaji waya wenye Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1 upande wa pili. Yadi wanao mmoja wa kuazimisha, lakini ukimkuta mwenzako anautumia unasubiri mpaka amalize, na kwa magari yetu haya kumaliza ni saa tano. Nilinunua wa kwangu na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye gari hili. Magari yanayoletwa moja kwa moja kutoka China mengi yana plagi yao nyingine, GB/T, ambayo kwa macho inafanana sana na Taipu 2, na nimeshamwona baba mmoja akiisukuma kwa nguvu mpaka tukamzuia. Yadi wana kiunganishi kimoja cha GB/T. Kabla hujamtumia wakala pesa ya gari, mwombe picha ya tundu la kuchajia, kifuniko kikiwa wazi.

Wengi pia huniuliza mvua. Unaweza kuchaji mvua ikinyesha. Umeme haupiti kwenye plagi mpaka gari na boksi viwe vimeshatambuana, na ukichomoa unakata wenyewe. Hata hivyo yadi hii haina paa upande wa maboksi, na hilo ni kosa ninalowaambia kila mara. Mtu anayefika na waya wake kwenye matope ya mwezi wa tatu, anachuchumaa chini ya mwavuli, kaunta buku inalowa mpaka wino unachuruzika na zile namba tunazozitegemea zinafutika. Bati nne na nguzo mbili zingetosha. Na choo kiwe na taa.

Jambo jingine ni magari yaliyojaa kubaki kwenye boksi. Kuna bwana mmoja huacha lake mpaka saa nne asubuhi, na boksi ni mawili tu. Sipendekezi watoze faini. Funguo wanazo, walisogeze.

Kwa wanaokwenda Tukuyu na Kyela, niwape uzoefu wangu. Gari langu, mimi na majora tunafika kama kilo 1,700, na kila mita 100 za kupanda zinakula karibu nusu uniti juu ya matumizi ya kawaida ya barabara. Kutoka Uyole unapanda kwanza mpaka Isongole, halafu unashuka kuelekea Kiwira na Tukuyu. Mpangilio huo ni mzuri, kwa sababu betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea umeme ambao gari hujitengenezea likishuka, na kile kipande cha kupanda kinaitengenezea nafasi. Ukianza kushuka, toa mguu kwenye pedeli, acha gari lijirudishie. Tukuyu nakwenda na kurudi kwa chaji moja nisipobeba mzigo mwingi. Kyela ni habari nyingine. Kule chini karibu na Ziwa Nyasa uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kurudi mpaka mgongo wa Isongole ni kupanda zaidi ya mita 1,500. Hizo ni uniti saba na zaidi za mlima peke yake. Kwa betri yangu haiwezekani bila kuchaji njiani, na mimi huchaji Tukuyu kwa mzee mmoja mteja wangu mwenye mashine ya kusaga. Ana soketi yenye athi, ana mita yake ndogo, alifunga baada ya mimi kumsimulia habari za Uyole. Nikimlipa huwa anasoma uniti kwa sauti, anapokea, anasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na anataka nimsubiri mkewe aniwekee ndizi kwenye buti.

Yadi ya Uyole naipa nne kati ya tano. Moja nimeishikilia kwa ajili ya paa.

Jumamosi iliyopita niliacha gari saa mbili usiku. LUKU kuu ilikuwa na uniti 143. Mita ya boksi la kushoto ilisomeka 4,812.6. Alfajiri ilisomeka 4,829.9. Uniti 17.3, shilingi 12,110, nikalipa kwa Lipa Namba, ujumbe ukaingia kwenye simu ya kijana kabla hajamaliza kukunja waya wangu. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimeshaanza kupanda, ukungu umejaa barabarani, majora sita nyuma.